Herufi inapungua, uzi haupungui: fonti za kudarizi na hii kazi ya kubadilisha saizi

Mwezi wa Shaabani ndio mwezi wangu wa kukosa usingizi. Kila mtu anataka harusi yake ipite kabla Ramadhani haijaingia, na siku hizi harusi bila ya foronya zenye majina watu wanaiona haijakamilika, basi charahani yangu ya kudarizi hapa Mpendae, Unguja, inalia tokea alfajiri mpaka usiku, labda umeme ukatike ndio mie na yeye tunapumzika. Shaabani moja hiyo mama mmoja wa Kwerekwe aliniletea foronya nne nyeupe za pamba, nzuri, zina lesi pembeni, akataka jina la mwanawe kwa zile herufi za mikunjo, zinazokaa kama mtu kaandika kwa kalamu bila ya kunyanyua mkono. Jina lenyewe Mwanakhamis. Herufi 11.

Fonti niliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 1, yaani herufi kubwa ina urefu wa karibu milimita 25, na nilipolipanga jina zima likaja na upana wa mili 200, na fremu yangu, ile inayokaza kitambaa kwenye mashine, ni ile ndogo ya mili 100 kwa 100. Nikalipunguza kwenye mashine, mashine ikafika asilimia 80 ikagoma, haiendi tena. Mie mjuaji. Nikachukua fleshi nikaenda kwenye laptopu, nikafungua faili kwenye programu moja ya bure ya kutizamia, nikavuta kona mpaka jina likaingia ndani ya fremu, nikarudi kushona. Foronya ya kwanza ilivunja sindano mbili. Ya pili uzi ulijikusanya chini kama nywele za kwenye kitana, ikabidi niingize mkasi kuitoa. Ya tatu ilimaliza, ila pale kwenye "m" na "n" kitambaa kilikuwa kigumu kama kadi, na nilipokivuta kidogo tu kikachomoka kipande kizima, kimetobolewa pembeni kama stempu ya posta. Mama alipokuja akaigeuza geuza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hili jina au mdudu kakanyaga wino?"

Nikenda Darajani kumnunulia foronya nyengine kwa pesa yangu. Na ndio nikakaa kitako kutaka kufahamu kwa nini mashine iligoma kwenye asilimia 80, mana mashine ilikuwa inajua kitu ambacho mie sijui.

Tatizo letu wengi tunaoanza kudarizi nyumbani ni kwamba tumezoea fonti za simu na kompyuta. Ile fonti unayoandikia kadi ya mwaliko ni umbo tu, mzunguko wa nje wa herufi, na umbo halina saizi, unaweza kulikuza likajaa ukuta wa nyumba au kulipunguza likaingia kwenye pete na herufi ikabaki ile ile. Fonti ya kudarizi si umbo, ni njia ya sindano. Ndani ya faili mmeandikwa hivi: nenda kulia mili 3, choma, rudi kushoto mili 3 ukiteremka kidogo, choma, nenda tena kulia, choma, na hivyo hivyo maelfu kwa maelfu. Mashine haijui kama inaandika Mwanakhamis au inachora embe, yenyewe inafata njia tu.

Sasa hesabu iko hapa, na ukishaifahamu hii mengine yote yanajieleza. Herufi nyingi zinashonwa kwa satini, ule mshono unaong'aa wa kwenda na kurudi, kulia kushoto kulia kushoto, ukiteremka taratibu kwenye mguu wa herufi. Kwa uzi wa kawaida wa kudarizi, ule unaoitwa uzi wa 40, kutoka mstari mmoja mpaka unaofata upande ule ule, mie nauita mwanya, huwa ni karibu mili 0.4, na si namba ya kubahatisha, ni kwa sababu uzi wa kwenda na wa kurudi ukilala pale unajaza karibu hapo hapo. Yaani nyuzi zinalala ubavu kwa ubavu kama mikeka, hazipandiani na haziachi kitambaa wazi. Chukua mguu wa herufi "I" wenye urefu wa mili 20, gawa kwa 0.4, unapata kwenda na kurudi mara 50, yaani sindano imechoma mara 100. Ipunguze herufi hiyo ibaki nusu bila ya kupunguza idadi ya stichi, una machomo yale yale 100 ndani ya mili 10. Mwanya umekuwa 0.2 na uzi bado unataka 0.4. Utalala wapi? Utapandiana, utakuwa mgumu, sindano itakuwa inachoma juu ya uzi na juu ya uzi tena mpaka ivunjike, na kitambaa kinachomwa tundu kwa tundu mpaka kinakatika. Foronya yangu ya tatu hiyo.

Ukikuza unapata kinyume chake. Machomo 100 kwenye mili 40, mwanya unakuwa 0.8, na kitambaa kinaonekana katikati ya nyuzi kama ngozi ya kichwa chini ya nywele nyepesi. Hii haivunji sindano kwahiyo watu hawaisemi sana, ila ukiiona kwenye shati jeusi lililodariziwa kwa uzi mweupe unaijua mara moja.

Kwahiyo herufi inapungua, uzi haupungui. Na si uzi peke yake, sindano pia haipungui, tundu lake ni lile lile, wala nyuzi za kitambaa hazipungui, na kile kitambaa kinavyovutwa na mshono nacho hakipungui. Hili la kuvutwa wengi hawalijui. Satini inapokaza inavuta kitambaa kwa ndani, basi mguu wa herufi unatoka mwembamba kuliko ulivyouona kwenye skrini, na kule kwenye ncha za mguu mshono unasukuma nje kidogo. Anayetengeneza fonti vizuri anajua hayo, anauongezea mguu unene wa ziada wa mili 0.2 mpaka 0.4 ili ukivutwa ukae sawa, na "o" anaifanya ipite kidogo mstari wa juu na wa chini isije ikaonekana fupi kuliko wenzake. Ukilipunguza faili kwa kulivuta kona, ile ziada nayo inapungua, lakini mvuto wa kitambaa uko pale pale. Ndio mana herufi iliyopunguzwa mara nyingi inatoka imekonda na ina mianya kwenye viungo, pale kimstari cha "e" kinapokutana na mzunguko wake.

Mashine iligoma kwenye 80 kwa sababu hiyo. Mashine nyingi za nyumbani zinakupa uhuru wa asilimia 10 mpaka 20 juu au chini basi, kwenye kiasi hicho mwanya unakwenda 0.32 au 0.48 na kitambaa cha kawaida kinastahamili. Baadhi ya mashine zina uwezo wa kupanga stichi upya zenyewe unapobadilisha saizi, soma kitabu chake ujue yako iko kundi gani, ila hata hizo si za kuzitwisha mzigo mkubwa. Na kama mashine yako ina fonti zake za ndani zenye saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, basi chagua saizi iliyo karibu na unayotaka halafu ndio uguse asilimia, usichukue kubwa ukaiminya, mana zile saizi tatu kila moja imetengenezwa peke yake.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu mafaili, nitapita haraka. Kuna aina mbili. Moja ni ile ya kulia kushoto choma, ambayo ndio inayoingia kwenye mashine: PES kwa Brother, JEF kwa Janome, VP3 kwa Husqvarna Viking na Pfaff, EXP kwa Bernina, na DST ya Tajima ambayo inasomwa karibu kila pahala. Hiyo DST ni ya zamani, haina hata rangi za kweli ndani yake, inajua tu simama hapa ubadilishe uzi, na pigo moja la sindano haliwezi kuzidi mili 12.1. Aina ya pili ni faili la kazi la programu, kama EMB ya Wilcom, ambalo halihifadhi machomo peke yake bali linajua "huu ni mguu wa satini, una unene huu, mwanya wake 0.4". Ukibadilisha saizi ndani ya programu kwa faili la aina hii, stichi zinahesabiwa upya na mwanya unabaki 0.4. Kuna programu zinaweza pia kufungua PES na kukisia stichi upya, zinasaidia lakini zinakisia tu, viungo vya herufi ndio vinavyoharibika mwanzo.

Katikati hapo kuna BX, hii ni fonti unayoiingiza kwenye programu ya Embrilliance halafu unaandika kwa kibodi kama kawaida, na kuna ile Express yao ya bure inayotosha kwa kuandika majina. Mie napenda zaidi Ink/Stitch kwa sababu ni ya bure moja kwa moja, inakaa ndani ya Inkscape ambayo nayo ni ya bure, na kule kwenye sehemu ya kuandika kila fonti imeandikiwa kiwango chake, asilimia ngapi chini na ngapi juu, usipite hapo. Aliyeitengeneza fonti kashakufanyia hesabu. Wale wanaouza fonti faili kwa faili, "a" peke yake, "b" peke yake, mara nyingi wanakupa saizi kadhaa, inchi 1, inchi 2, inchi 3, na kila saizi imepangiwa stichi zake peke yake. Usizifute eti zinajaza fleshi.

Halafu iko ile tamaa ya kuchukua fonti yoyote ya kompyuta na kuiambia programu igeuze iwe ya kudarizi. Inafanya kweli, kwa sekunde mbili, na kwa herufi kubwa nene za mili 40 inatoka si mbaya. Kwa jina la kwenye kola ya shati la skuli sahau.

Tuje kwenye kuchagua sasa, na hapa ndipo nilipobadilisha kabisa ninavyofanya. Zamani nilikuwa naangalia uzuri halafu naangalia urefu. Siku hizi naangalia vitu viwili tu mwanzo: pale herufi inapokuwa nyembamba kuliko pahala pengine pote, na pale inapokuwa nene kuliko pote. Fonti za mikunjo zina mguu mnene wa kuteremka na kimstari chembamba cha kupanda, ndio uzuri wake, na ndio mtihani wake. Ile fonti yangu ya inchi 1 mguu mnene ulikuwa mili 3 na kile chembamba kilikuwa mili 1. Nilipolipunguza jina kutoka 25 kwenda 12 ule mnene ukabaki mili 1.4 hivi, huo una uhai, lakini chembamba kikawa karibu nusu mili. Satini ya nusu mili haipo jamani. Sindano inachoma kulia, inachoma kushoto, na matundu mawili yanakuwa tundu moja.

Kwa uzi wa 40 na sindano namba 11, kimstari kikishuka chini ya mili 1 mie sikishoni kwa satini. Ukitia uzi wa 60 (namba ikiwa kubwa uzi unakuwa mwembamba, usichanganyikiwe) na sindano namba 9 unaweza kuteremka mpaka 0.8 hivi, ila uzi wa 60 dukani kwetu si wa kuupata kila siku, wengine tunaagiza kwa mtu anayekuja kutoka Dubai. Chini ya hapo chukua fonti ya mstari, ile isiyokuwa na satini kabisa, sindano inapita kwenye mstari mmoja mara tatu kwenda na kurudi, inatoka kama imeandikwa kwa kalamu na kwa saizi ndogo inasomeka kuliko satini yoyote. Watu wanaidharau kwa sababu haing'ai.

Upande wa unene ukomo wangu ni mili 7. Satini ikiwa pana kuliko hapo inalala imelegea, inakwama kwenye bangili, inakwama kwenye kucha za mtoto, na ikifuliwa mara tano imeshakuwa manyoya. Kwahiyo yule anayetaka jina kubwa mgongoni mwa koti, ukikuza fonti ya satini hata kwa programu inayohesabu upya, mwanya utakuwa sawa lakini upana hautakuwa sawa. Tafuta fonti iliyojazwa kwa ule mshono wa safu safu kama matofali, au iambie programu igawanye satini katikati.

Kwahiyo hesabu yangu ya kila siku ni hii, naifanya kwenye karatasi hata kabla sijawasha mashine. Saizi ninayoitaka gawa kwa saizi ya fonti, halafu zidisha kwa unene wa pale pembamba na pale panene. Ikitoka kati ya 1 na 7 twende. Isipotoka natafuta fonti nyengine, sitafuti asilimia nyengine.

Baada ya hapo ndio naangalia matundu. Tundu la "a", la "e", la "g", yale mawili ya "B", kwenye saizi ndogo yanaziba na jina linabaki madoa. Tundu likitoka chini ya mili 1 hesabu limeziba. Na hapa uangalie mtego: fonti ikiitwa ya inchi 1, inchi hiyo ni ya herufi kubwa, herufi ndogo kama "a" na "n" inaweza kuwa nusu yake au zaidi kidogo. Kwahiyo jina la mili 8 lina "a" ya mili 4 na kitu, na tundu la hiyo "a" ni la kutafuta kwa miwani. Chini ya mili 8 naandika kwa herufi kubwa tupu, ZUWENA badala ya Zuwena, kwa sababu herufi kubwa zina matundu makubwa na zote zinajaa urefu mzima, na kwa uzi wa 40 ukomo wangu ni mili 5 au 6, chini ya hapo nakataa kazi. Mteja akisema herufi kubwa hazina mahaba mwambie atizame kanga. Jina la kanga linaandikwa kwa herufi kubwa, nene, zimeachana vizuri, hazina mikunjo wala vikia, na mtu yuko ng'ambo ya njia kalisoma na kashajua anasemwa yeye. Na tukizungumzia kuachana, ukipunguza saizi ongeza nafasi kati ya herufi, usiiache kama ilivyokuja, mana zile ncha zinazosukuma nje zitagusana.

Nimesema ng'ambo nimekumbuka jengine. Vijana wa maskani moja waliniletea fulana 12 waandikiwe NG'AMBO kifuani, fonti nene kama ya jezi za mpira wanayoitaka wenyewe, nikaandika kwenye programu ikatoka NGAMBO. Nikaandika tena. NGAMBO. Nusu saa nzima naona labda kibodi mbovu. Kumbe fonti ile haina kile kikoma cha juu kabisa, wazungu waliotengeneza hawakuwa na ng' kwenye akili zao, na fonti nyengine inacho lakini kile kilichonyooka tu, basi ukikopi jina kutoka kwenye simu linakuja na kikoma kilichopinda na programu inakiruka kimya kimya bila ya kukwambia. Fonti nyengine hazina hata namba, wala ile alama ya "na" inayokaa kati ya majina ya bwana na bibi harusi. Kabla hujailipia fonti itizame orodha yake nzima. Mie siku ile nilichukua koma ya kawaida nikainyanyua juu, ikakaa sawasawa.

Turudi kwa Mwanakhamis, mana jina refu kwenye fremu ndogo ndio kisa cha karibu makosa yote. Mili 100 kwa herufi 11 ni mili 9 kwa kila herufi na nafasi yake, na mle ndani muna "M" na "w" ambazo zinataka pahala pa watu wawili. Unaweza kulikata jina katikati ukashona mara mbili kwa kuhamisha fremu, ni kazi ya subira na mistari isipokutana mteja anaona. Unaweza kutafuta fonti nyembamba iliyosimama. Au ugeuze jina likae mshazari, na hili nimelijua kwa kuchelewa sana. Fremu ya 100 kwa 100 kutoka kona mpaka kona ina mili 141, na jina likilala digrii 45 unatakiwa tu urefu wake na kimo chake vikijumlishwa visizidi hiyo 141. Lile jina ambalo likinyooka linaingia kwa kimo cha mili 12, mshazari linaingia kwa kimo cha 15 na zaidi. Kitambaa nacho unakifunga mshazari kwenye fremu ili maandishi yatoke yamenyooka, ila angalia, kitambaa kikikaa mshazari kinavutika kama mpira, kwahiyo karatasi ya nyuma, ile ya kukishikilia kitambaa, iwe nzito na usikivute baada ya kukaza fremu.

Mili tatu hizo zinaonekana si kitu, lakini ndizo zilizonitoa. Zile foronya za Darajani nilizishona mshazari, kimo mili 15, nikaiacha fonti ya mikunjo nikachukua ya kawaida yenye mguu wa unene mmoja, mili 1.6 kila pahala. Mikunjo nikaiweka kwenye kimchoro cha chini ya jina peke yake, kijitawi cha asumini tu, mama karidhika.

Kwa Kiarabu mambo ni mengine. Herufi za Kiarabu zinashikana na kila moja inabadilika ikiwa mwanzo, katikati au mwisho, na programu isiyojua hilo inazipanga moja moja tena kutoka kushoto, unapata kitu ambacho hata mtoto wa chuo cha Kurani anacheka. Ni bora ununue au utengenezewe neno zima. Na ukilipunguza neno hilo tizama nukta mwanzo kabla ya kitu chochote, mana nukta ndio kitu kidogo kuliko vyote na Kiarabu kimesimama juu yake. Khamis inaandikwa kwa خ yenye nukta juu. Nukta ikimezwa na kitambaa imebaki ح, na umemwandikia mtu jina jengine. Nukta yangu haishuki mili 1.2, na kama neno haliwezi kuwa dogo bila ya nukta kupungua, neno halipungui, au nazikuza nukta peke yake kwenye programu. Na mie majina ya Mwenyezi Mungu na aya siweki kwenye foronya wala taulo, mtu akitaka namfanyia ya kutundika ukutani.

Kitambaa nacho kina sauti yake. Taulo lina vishungi vinavyomeza kila kitu, pale ukomo wa mili 1 haufai, mie nataka mguu wa mili 2 na kimo kisichopungua 20, na juu yake nalaza ile nailoni nyembamba inayoyeyuka kwa maji ili uzi usizame. Fulana inavutika, basi nyuma weka karatasi ile ya kukata inayobaki, si ya kuchana, la sivyo fulana ikivaliwa jina linajikunja. Kanzu laini za poliesta hazitaki mshono mzito, pale napanua mwanya kidogo, 0.45 hivi. Na uzi wa zari, ambao kila mtu anautaka kwa harusi, ni mgumu na unakatika, unataka sindano ya tundu kubwa namba 14, mwendo wa pole na herufi kubwa zisizo na kona kali. Zari kwenye herufi za mili 8 ni kujitafutia kulala saa tisa.

Kabla ya kushona kwenye kitu cha mtu nachapa jina kwenye karatasi kwa saizi yake kamili, nalibandika kwenye nguo kwa pini na narudi nyuma hatua mbili. Likisomeka nalishona kwenye kipande cha kitambaa cha aina ile ile, mwendo napunguza mpaka stichi 400 kwa dakika kwa herufi ndogo, halafu nageuza nyuma. Nyuma ndiko kwenye ukweli, kukiwa na kidonge cha uzi kwenye herufi yoyote basi pale pamebanana na mbele patakuja kuharibika tu.

Yule mama wa Kwerekwe karudi mwaka uliofata, sikutegemea. Kaja na foronya nne nyengine, anaoza mtoto wa pili. Nikamuuliza, mama, huyu jina lake nani?

"Raya."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Herufi nne, kwa fonti ile ile ya mikunjo ya inchi 1 inaingia kwenye fremu bila ya kugusa asilimia hata moja. Nikamwelezea yote haya ya uzi na mwanya na mili, kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ningelijua, na yule wa mwanzo ningemwita Raya."